Mama anajilaumu, baba analaumu bangi: nini hasa kilimuuguza mdogo wangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21. Mwaka jana alianza kujifungia chumbani, akaacha masomo, kisha akawa anasikia sauti za watu wasiokuwepo na kuamini kwamba majirani wanampangia njama. Hospitali walisema ni skizofrenia. Yuko kwenye dawa na anaendelea vizuri kiasi. Tatizo sasa ni sisi wenyewe. Mama analia kila siku kwamba ni yeye, eti alimlea kwa ukali na kuna kipindi walitengana na baba. Baba anasema ni bangi aliyoanza kuvuta chuoni, basi. Shangazi anasema ni pepo. Daktari aliyemwona alituambia kuna kemikali imezidi ubongoni. Mimi nasoma saikolojia mwaka wa kwanza na kila mhadhara una nadharia yake: mara Freud, mara mazoea, mara fikra, mara jamii. Nani yuko sahihi? Na mimi nina miaka 26. Je, ugonjwa huu unaweza kunifuata?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyumbani. Kijana yuko kwenye dawa na anaendelea, na hilo lina uzito kuliko maelezo yote nitakayoyatoa hapa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonisimamisha ni kwamba familia yenu ina nadharia nne, na kila moja imewahi kuwa na zama zake za kutawala. Mama yako, kwa mfano, hajui kwamba maneno anayojishtaki nayo yalikuwa yakifundishwa kwa madaktari wa Marekani miaka ya 1950 kama elimu ya kisasa kabisa.

Nianze na neno lenyewe, sababu. Nyumba ya nyasi ikiungua, mmoja atasema sababu ni cheche iliyoruka jikoni. Wa pili atasema ni paa lililokauka kiangazi kizima. Wa tatu atasema ni upepo uliokataa kutulia. Wanaweza kukesha wakibishana na wote watatu wakawa wakweli, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake: kilichoandaa moto, kilichouwasha, na kinachouendeleza. Nadharia nyingi unazofundishwa zinagombana bure kwa namna hiyo hiyo. Zinazogombana kweli ni chache, na hapo kazi yetu ni kutazama ipi ilipimwa ikashindwa.

Shangazi nitampita upesi, bila kumdharau. Maelezo ya pepo ni ya kale kuliko maandishi, na yana faida moja ambayo sisi wasomi hatupendi kuikiri: mara nyingi hayamlaumu mgonjwa. Ubaya wake ni kwamba humchelewesha kupata tiba. Karibu miaka 400 kabla ya Kristo, maandishi ya wafuasi wa Hippocrates huko Ugiriki yalisema kifafa si kitakatifu kuliko maradhi mengine. Kina chanzo cha asili, na chanzo hicho kiko ubongoni. Maelezo yao ya undani yalikuwa ya kubahatisha. Walidhani mwili unaendeshwa na majimaji manne, yaani damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na nyongo nyeusi ikizidi mtu huzama kwenye huzuni. Neno melankolia maana yake ndiyo hiyo, nyongo nyeusi. Jibu walilikosa, lakini swali walilipatia.

Swali hilo lilipata jibu lake la kwanza la uhakika baada ya zaidi ya miaka 2,000, na kisa chake nakusimulia kwa sababu kimetuelimisha na kutupotosha kwa pamoja. Katika karne ya 19 hospitali za vichaa za Ulaya zilijaa wagonjwa wa aina moja: mtu mzima anaanza kujiona tajiri au mfalme, baadaye ulimi unakuwa mzito, viungo vinapooza, na baada ya miaka michache anafariki. Kulikuwa na maelezo ya kila namna, ulevi, uasherati, hata kazi nyingi ya kichwa. Mwaka 1913 watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore walionyesha bakteria wa kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa hao waliokufa. Penisilini ilipoenea miaka ya 1940, wagonjwa wa aina hiyo wakawa adimu.

Tangu hapo fani nzima imekuwa ikingoja bakteria mwingine. Kila ugonjwa wa akili, ilidhaniwa, una mdudu wake au uvimbe wake, ni suala la kutafuta tu. Kuna mahali ambapo kungoja kumelipa. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake waliueleza ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vipokezi fulani ubongoni, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali. Wasichana waliokuwa wakionekana wamerukwa na akili wakapona kwa dawa za kutuliza kinga. Ndiyo maana daktari makini hupima kwanza kabla ya kutamka skizofrenia. Lakini kwa skizofrenia yenyewe, kwa sonona (huzuni nzito ya kiugonjwa), kwa maradhi ya wasiwasi, hakuna mdudu mmoja aliyepatikana.

Sasa mama. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nadharia iliumiza watu.

Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, tabibu aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, aliandika kuhusu mama anayezalisha skizofrenia: mama baridi na mtawala, anayemkataa mtoto huku akimng'ang'ania. Mwaka 1956 Gregory Bateson na wenzake wakaongeza wazo la mtego wa maneno mawili. Mama anamwita mtoto amkumbatie, mtoto akija mwili wa mama unakakamaa, mtoto akirudi nyuma mama anamuuliza kama hampendi tena. Mtoto anayeishi ndani ya mtego huo, walisema, hatimaye hutorokea kwenye wazimu. Ni wazo zuri la kusoma. Nilipolisoma nikiwa mwanafunzi nililiamini siku hiyo hiyo, na hilo pekee lingetosha kunitia shaka.

Waliliona wapi jambo hilo? Hospitalini, saa za kutazama wagonjwa. Waliwaona akina mama wenye wasiwasi, wanaoongea kupita kiasi, wanaomshikashika mtoto wa miaka 20 kama mchanga. Hakuna aliyejiuliza kwa dhati kama mama yuko hivyo kwa kuwa mtoto anaumwa, au mtoto anaumwa kwa kuwa mama yuko hivyo. Kuku na yai. Wala hawakuwa na kundi la akina mama wengine la kulinganisha nao.

Aliyeupima ukweli ni Leonard Heston. Mwaka 1966 alichapisha matokeo yake kuhusu watu wazima 47 waliozaliwa na mama wenye skizofrenia, kisha wakatenganishwa nao ndani ya siku chache tu za kuzaliwa. Akawalinganisha na wengine 50 waliotenganishwa vivyo hivyo na mama zao, ila mama hao hawakuwa na ugonjwa huo. Kati ya wale 47, watano walipata skizofrenia. Kati ya wale 50, hakuna hata mmoja. Watano hao hawakulelewa na mama mgonjwa hata mwezi mmoja. Kilichopita kutoka kwa mama kilipita kabla ya malezi.

Nisikudanganye kwamba nyumba haina nafasi kabisa. Pekka Tienari wa Finland aliwafuatilia kwa miaka mingi watoto walioasiliwa. Waliokuwa na urithi wa ugonjwa na wakakulia kwenye familia zenye mivutano mikubwa waliumwa zaidi kuliko wenye urithi huo huo waliokulia kwenye familia tulivu. Wasio na urithi huo, mivutano ya nyumbani haikuwabadilishia sana hatari. Na mwaka 2012 Filippo Varese na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba waliopitia mateso utotoni, kupigwa vibaya, kunajisiwa, kutelekezwa, kuonewa na wenzao, uwezekano wao wa kupata magonjwa ya kundi hili ulikuwa karibu mara tatu ya wengine. Hayo ni mateso. Ukali wa mzazi anayefuatilia masomo ya mwanawe, au wazazi kutengana kwa kipindi, havimo kwenye mizani hiyo, na katika barua yako sioni dalili ya kilichomo. Mama ana mengi ya kulilia kwa sasa, hili asijibebeshe.

Kwa Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchambua nafsi, kwa kuwa mtaulizwa kwenye mtihani, kuna jambo moja wanafunzi wengi hulikosa: yeye mwenyewe hakuamini kwamba njia yake inawafaa wagonjwa kama mdogo wako. Alianzia kwa wagonjwa wa histeria, yaani wenye dalili kama kupooza bila kasoro inayoonekana mwilini, na kitabu alichoandika na Josef Breuer mwaka 1895 kinadai kwamba dalili ina maana. Ni jambo lililosukumwa chini ya fahamu likarudi limevaa nguo nyingine. Shida ya nadharia yake ni kwamba haikamatiki. Mgonjwa akikubali tafsiri, tafsiri ni sahihi. Akikataa, huko kukataa ni ukinzani, basi tafsiri ni sahihi zaidi. Nadharia isiyoweza kushindwa haiwezi pia kushinda. Hata hivyo kwamba utoto huacha alama, hilo limethibitishwa na watu wa namba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 na Vincent Felitti na wenzake ulihoji watu wazima maelfu, na kadiri mtu alivyopitia aina nyingi zaidi za madhila utotoni ndivyo sonona, ulevi na majaribio ya kujiua vilivyoongezeka, ngazi kwa ngazi.

Daktari wenu amesema kemikali imezidi. Anamaanisha dopamini, moja ya kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na kwa skizofrenia hajakosea, ila amefupisha mno. Historia yake ilianzia kwenye tiba. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, Paris, waliwapa wagonjwa dawa ya klopromazini wakaona sauti na njama zinapungua. Hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1963 Arvid Carlsson, Msweden, alitoa dalili kwamba dawa hizi huigusa dopamini, na miaka ya 1970 ikaonekana kwamba kadiri dawa inavyoshika kwa nguvu vipokezi vya dopamini ndivyo dozi ndogo inavyotosha. Wakahitimisha: dopamini imezidi.

Hapo kuna mtego, ujifunze kuutambua. Aspirini huondoa maumivu ya kichwa, lakini hakuna anayeumwa kichwa kwa upungufu wa aspirini. Kinachotibu hakithibitishi kilichosababisha. Sonona ilinaswa kwenye mtego huo huo. Dawa zinazoongeza serotonini, kemikali nyingine ya ubongoni, zilisaidia watu wengi, kisha watu wakaambiwa sonona ni upungufu wa serotonini. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 hayakupata ushahidi wa kuaminika wa upungufu huo. Waliokuwa wakitumia dawa wakashtuka, wengine wakataka kuziacha, jambo ambalo ni kuruka majivu na kukanyaga moto: dawa inaweza kufanya kazi hata kama hadithi tuliyoisimulia juu yake haikuwa ya kweli.

Kwa skizofrenia, bahati ni kwamba ushahidi mwingine ulikuja baadaye kutoka upande wa pili. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi, wakiwa katikati ya ugonjwa, hutengeneza na kumwaga dopamini kwa wingi katika eneo fulani la ndani ya ubongo. Mwaka 2003 Shitij Kapur akaunganisha kemikali hiyo na kile mgonjwa anachokiona, na maelezo yake ndiyo ninayowapa ndugu wa wagonjwa mpaka leo. Dopamini, katika kazi zake, hutia alama kwenye mambo: hili ni muhimu, litazame. Mtu mwenye afya hupita barabarani akaona gari jeupe, mtu anakohoa, mlango unafungwa, na hakuna kimojawapo kinachomsimamisha. Alama ikianza kutiwa ovyo, lile gari jeupe linamkodolea macho. Kikohozi kinakuwa ishara. Mlango umefungwa kwa sababu yake yeye. Mtu hawezi kuishi ndani ya dunia iliyojaa ishara zisizo na maelezo, kwa hiyo akili yake, ambayo bado inafanya kazi ya kutafuta maana, inamtungia maelezo: majirani wana njama. Dawa inazima zile alama mpya. Maelezo yaliyokwisha kutungwa haiyafuti, ndiyo maana kijana anaweza kuwa mtulivu baada ya wiki kadhaa na bado akaendelea kumtilia shaka jirani kwa miezi. Muwe na subira naye hapo.

Hata hivyo dopamini haielezi kila kitu. Kujitenga, kukosa ari, uso kukosa hisia, haya dawa za kuzuia dopamini huyagusa kidogo sana. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia inayopitia njia nyingine, isiyozuia moja kwa moja vipokezi vya dopamini. Nadharia hiyo itaandikwa upya, bila shaka.

Na kwa nini dopamini ikapotoka? Hapa inaingia damu. Irving Gottesman alikusanya tafiti za Ulaya Magharibi za miongo kadhaa: katika watu 100 wa kawaida, mmoja hivi hupata skizofrenia maishani. Ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, karibu 9. Pacha wa kufanana wa mgonjwa, karibu 48. Namba hiyo ya mwisho isome mara mbili. Inasema urithi una nguvu sana, na inasema pia kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye jeni zilezile za mgonjwa hawaumwi. Wala usidhani kuna jeni moja ya skizofrenia. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulitaja sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, na kila moja inasukuma kidogo mno. Ni kama urefu wa mtu: hakuna jeni ya urefu, kuna mamia yanayoongeza unywele mmoja mmoja. Miaka ya nyuma watafiti walikimbilia jeni moja moja na kutangaza ushindi, hasa ile ya kusafirisha serotonini iliyosifiwa mwaka 2003 kwamba ndiyo inayoamua nani atapata sonona akipatwa na misukosuko. Mwaka 2019 makundi makubwa ya watu yalipopimwa, jeni hizo mashuhuri hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa kwa bahati nasibu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Baba na bangi yake. Ana hoja, tena nzuri kuliko anavyojua. Nchini Uswidi vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Hesabu za baadaye, zilizoingiza mambo mengine, ziliipunguza namba hiyo lakini hazikuifuta. Hata hivyo walio wengi kati ya wavutaji hao wazito hawakuugua. Na kuna wengine ambao ugonjwa ulishaanza kunyemelea, usingizi umepotea, fikra zinawakimbia, ndipo wakashika bangi kujituliza. Baba anaweza kuwa ameiona cheche. Paa hakuliona. La maana kwake ni kwamba kijana akiendelea kuvuta, ugonjwa utarudi kwa urahisi zaidi, na hilo halihitaji tubishane kwanza kuhusu nini kilianza.

Mihadhara yako ya mazoea na fikra haikugusi sana kwa upande wa mdogo wako, lakini usiidharau. Kwa maradhi ya hofu na wasiwasi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimfanya mtoto mchanga amwogope panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa panya. (Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu.) Wakadai huenda hofu nyingi za kiugonjwa hujengwa hivyo. Maelezo hayo hayatoshi: wanaoogopa nyoka wengi hawajawahi kuumwa na nyoka, ilhali soketi ya umeme, ambayo imewapiga wengi zaidi, karibu hakuna anayeikimbia kwa kupiga mayowe. Kwenye swali la chanzo nadharia ilichechemea. Kwenye swali la kinachoendeleza ilipiga shabaha, maana aliyemkwepa panya leo amepata nafuu, na nafuu hiyo inamfundisha kukwepa kesho. Huo ndio upepo. Ndiyo maana tiba ya hofu ni kukikaribia polepole unachokiogopa.

Watu wa fikra walifika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine. Aaron Beck alikuwa mfuasi mtiifu wa nadharia ya Freud aliyetafuta hasira iliyofichika katika ndoto za wagonjwa wa sonona, akakuta badala yake kushindwa na kupoteza, akaona heri asikilize wagonjwa wanachosema waziwazi. David Clark, mwaka 1986, alieleza mashambulizi ya hofu kwa mzunguko ambao mgonjwa yeyote huutambua mara moja: moyo unadunda kidogo, mtu anawaza nakufa, wazo hilo linaudundisha zaidi, naye anapata uthibitisho. Na kwa wanaosikia sauti, imeonekana kwamba mateso yao hutegemea sana wanachoamini kuhusu hiyo sauti, ina nguvu gani, inataka nini. Hilo lina faida kwenu: kijana akiwa na mtu aliyefunzwa, anaweza kuongea kuhusu sauti bila kulazimishwa kukiri kwamba hazipo.

Kuhusu jamii nitataja ubishi mmoja tu, kwa sababu unafundisha namna ya kufikiri. Mwaka 1939 Robert Faris na Warren Dunham walichora ramani ya Chicago na kuonyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia wamejaa mitaa maskini ya katikati ya jiji. Je, umaskini huleta ugonjwa? Mwaka 1963 Goldberg na Morrison waliangalia kazi za baba wa wagonjwa vijana huko Uingereza: baba walikuwa na kazi za kila ngazi kama watu wengine, ila watoto wao ndio walioporomoka. Ugonjwa ulikuwa umewatelemsha. Ukafikiri ubishi umeisha. Kisha takwimu za Denmark zikaonyesha kwamba waliozaliwa na kukulia mjini huumwa zaidi, na mtoto mchanga hawezi kuwa ameporomoka. Kwa sonona mambo ni wazi zaidi. George Brown na Tirril Harris, mwaka 1978, walionyesha jinsi wanawake wa London waliopatwa na pigo kubwa walivyoangukia kwenye sonona, na kwamba waliokuwa na mtu wa karibu wa kumweleza siri zao walikingwa kwa kiasi kikubwa.

Mwalimu wako atataka umalizie na George Engel, daktari wa Marekani aliyependekeza mwaka 1977 kwamba mwili, nafsi na jamii vitazamwe pamoja. Mtaje, upate alama zako. Mimi nina kinyongo kidogo na matumizi yake, kwa sababu imekuwa desturi kusema mambo yote yanachangia kisha kufunga daftari, na hiyo si nadharia, ni adabu. Mwaka huo huo Joseph Zubin na Bonnie Spring walisema jambo lenye meno zaidi: kila mtu ana kiwango chake cha kuhimili, aliyerithi udhaifu mkubwa hutikiswa na jambo dogo, mwenye udhaifu mdogo huhitaji pigo zito. Hilo linapimika.

Kuhusu wewe mwenyewe. Kwa hesabu za Gottesman, katika ndugu 100 walio katika hali yako, karibu 91 hawataugua. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na katikati ya miaka ya 30, kwa hiyo sehemu ya dirisha hilo umeshaivuka. Bangi usiiguse, kwako ina bei tofauti na kwa rafiki zako. Ukijiona hulali siku kadhaa mfululizo, au mambo madogo yanaanza kukukodolea macho kama lile gari jeupe, nenda ukaonwe wiki hiyo hiyo.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike jibu refu hivi. George Brown huyohuyo, pamoja na wenzake, mwaka 1972 aliripoti kuhusu wagonjwa 101 wa skizofrenia waliotoka hospitali London kurudi kwa familia zao. Waliorudi kwenye nyumba za lawama, ukali au kuhangaikiwa kupita kiasi, asilimia 58 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Waliorudi kwenye nyumba tulivu, asilimia 16. Hilo halimrudishi mama kizimbani, maana linahusu upepo, halihusu kilichowasha. Ila umeniandikia kwamba mama analia kila siku na baba haachi kuitaja bangi, na kijana yuko chumba cha pili anasikiliza watu wakijadili nani kamharibu. Fungeni mjadala huo. Waombe hospitali kikao cha familia, ni sehemu ya tiba na hupunguza kuugua tena. Mama apumzike kumlinda saa 24, amruhusu kijana akae peke yake bila kuchunguliwa. Na baba akianza tena jioni, muulize tarehe ya kliniki ijayo ni lini, na ni nani atakayempeleka.